Lebo ya Kota

Juja, karibu na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pombe hupitishwa kati ya nondo za dirisha. Wanafunzi hufanya mchango, mmoja wao akaagiza kota, yaani mililita 250 za vodka au jini, na soda ya kuchanganyia. Kota hiyo ina mkono wa sheria ndani yake. Ile ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilipiga marufuku vifuko na kuifanya mililita 250 kuwa kipimo cha chini. Ilidai pia onyo la afya lichukue asilimia 30 ya eneo la chupa.

Onyo lipo. Kasoro imo katika utunzi wa lebo. Jina limetanda kwa herufi nene, ujazo umejificha chini, kiwango cha pombe kiko kwingine, nalo onyo linatahadharisha dhidi ya kunywa kupita kiasi bila kukitaja kiasi chenyewe. Tarakimu mbili za kuzidishwa zimetenganishwa, na mnywaji ndiye anayeachiwa hesabu: mililita 250 zenye asilimia 40 zina mililita 100 za pombe tupu. Bia ya Tusker ya mililita 500, kwa asilimia 4.2, ina 21. Kwa hiyo kota inayoenea mfukoni ni karibu Tusker tano, ilhali umbo lake linasema ni kidogo.

Saidra, pombe ya tufaha, hutumia mbinu nyingine: picha ya tufaha hutangulia, jicho likapokea tunda kabla ya kilevi. Muratina, pombe ya jadi ya Wakikuyu, ni ya kweli zaidi kuliko lebo hiyo, ingawa kibuyu hakina maandishi. Tunda la mti wa muratina ndilo linalochachusha asali au maji ya miwa. Jina la pombe limetokana na tunda linalofanya kazi hiyo.

Stika ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nayo ina programu yake ya simu, Soma Label, inayothibitisha kama stika ni halali. Ninaithamini, kwani Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo. Lakini kinachosomwa pale ni stika tu.

Uingereza, chupa nyingi huandikwa idadi ya vipimo vya mililita 10 za pombe tupu. Saidra kali ya bei rahisi, lita 3 kwa asilimia 7.5, huhesabiwa 22.5. Kota ya Juja ingeandikwa 10, Tusker 2.1. Tarakimu hiyo ingestahili kukaa usoni mwa chupa, kwa ukubwa uleule wa jina.