Baba Asiyesema: Ubini wa Uhura katika Star Trek

UTANGULIZI

Wahakiki wetu wamezoea kumpima mhusika kwa matendo na maneno yake. Asiyetenda wala kusema huachwa kando, akahesabiwa kuwa pambo tu la hadithi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mfano utakaotumika ni baba wa Uhura katika Star Trek, masimulizi marefu ya safari za angani yaliyoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1966 na kuendelezwa, kwa vipindi na filamu, hadi karne hii.

Habari za baba huyu ni chache mno. Katika kipindi kiitwacho "Children of the Comet", cha mfululizo wa Strange New Worlds (2022), Uhura, ambaye bado ni mwanafunzi wa unahodha, anaulizwa mezani sababu ya kujiunga na safari za anga. Anajibu kwamba wazazi wake walikuwa wakifundisha chuo kikuu huko Nairobi, naye alikuwa ajiunge na chuo hicho. Kisha wazazi hao pamoja na kaka yake wakafa katika ajali ya chombo cha usafiri. Akaenda kukaa kwa bibi yake, na kutoka huko akakimbilia angani. Baba amekwisha kutajwa, na chakula kinaendelea.

JINA NI LA NANI?

Ajapo mgeni Kiembeni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, akamwuliza mtoto jina lake, jina moja halimtoshi. Atauliza tena: "Wa nani?" Jibu la swali hilo ndilo ubini. Kwa Mswahili, na kwa jirani yake Mgiriama, jina la pili aghalabu si mali ya mtoto. Ni jina la baba, ambalo mtoto hulichukua popote aendapo.

Sasa na tulitazame jina la Uhura kwa jicho hilo. Inajulikana kwamba lilitokana na neno "uhuru". Mwigizaji Nichelle Nichols alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, iliyotolewa mwaka 1962, alipokwenda kujaribiwa. Neno likapendwa, na irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lilainike. Tangu hapo mhusika huyu aliitwa Uhura tu. Jina lake mwenyewe, Nyota, halikusikika katika filamu wala kipindi mpaka filamu ya mwaka 2009, na hata humo Kirk anamwomba alitaje naye anakataa. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 43 jina la binti lilifichwa, likaitwa la baba peke yake. Kila nahodha aliyesema "Uhura" alikuwa, kwa desturi ya pwani, akimwita mzee ambaye hajapata kuonekana.

Pengine itapingwa kwamba watungaji hawakukusudia hivyo, kwani kwao jina la ukoo ni jina la ukoo tu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haibatilishi usomaji huu. Waliokopa neno la Kiswahili walikopa pamoja nalo kawaida za wenye neno. Msomaji wa Mombasa hana wajibu wa kuzisahau kawaida hizo ili asome kama msomaji wa Los Angeles.

LUGHA ILIYOSALIA

Ushahidi wa pili umo katika kipindi "The Changeling" cha mwaka 1967. Chombo chenye akili ya mashine, Nomad, kinafuta kumbukumbu za Uhura, naye analazimika kufundishwa upya kusoma Kiingereza. Anapokwama katika somo, anaghadhibika, na katika ghadhabu hiyo anasema Kiswahili. Masimulizi yenyewe hayaelezi jambo hili, na muuguzi wa merikebu anaendelea na masomo yake kana kwamba lugha hiyo si elimu.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima. Yaliyojifunzwa chuoni na jeshini yamekwenda. Kilichosalia ni kile alichopewa nyumbani, na nyumbani palikuwa na baba na mama. Mwaka 2022 tunaambiwa kwamba Uhura anasema lugha 37 na kwamba wazazi wake walikuwa walimu. Vipindi hivi viwili, vilivyotengwa na miaka 55, vinakamilishana bila ya watungaji wa kwanza kujua. Baba hakuachiwa onyesho hata moja, lakini mtoto wake anapopokonywa kila kitu, kazi ya baba inadhihirika.

BABA WENYE SAUTI

Upungufu wa masimulizi haya unaonekana tunapowalinganisha akina baba. Sarek, baba wa Spock, amepewa kipindi "Journey to Babel" (1967). Ugomvi wake na mwanawe, ambao kwa miaka 18 hawakusemezana kama baba na mwana, unapata nafasi ya kukua na kutulia. George Kirk katika filamu ya 2009 anakuwa nahodha kwa dakika 12, anaokoa watu 800 na kufa mbele ya macho yetu. Kifo chake ni urithi anaotakiwa mwanawe aufikie. Kifo cha mwalimu wa Nairobi ni maelezo tu, ya kutoa sababu ya binti kuondoka Kenya.

Haifai kuficha kwamba kuna hatua iliyopigwa. Hadithi nyingi za kigeni zimeifanya Kenya kuwa mbuga na wanyama, lakini hii imeipa chuo kikuu na wasomi. Hata hivyo inasikitisha kwamba wasomi hao wametajwa ili wafe. Ni kana kwamba binti wa Kiafrika hawezi kuruka mpaka awe yatima.

Fasihi ya Kiswahili inajua njia nyingine ya kumweka mzazi asiyekuwapo, nayo ni wasia. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Shaaban Robert alimtungia bintiye Utenzi wa Hati. Katika tungo hizi mzazi anaondoka, lakini neno lake linabaki na linaweza kujibiwa. Baba wa Uhura hakupewa wasia, kwa hiyo binti hana la kutii wala la kukaidi.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba mhusika asiyesema anaweza kuibeba hadithi kwa jina na kwa lugha. Imeonyeshwa pia kwamba watungaji waliolichukua jina lake hawakumlipa haki yake. Deni hilo si lao peke yao. Katama Mkangi, mwana wa pwani, alikwisha kumrusha Dzombo angani kwa Kiswahili katika Walenisi (1995), kwa hiyo njia imefunguliwa. Anayesubiriwa ni mtunzi atakayemketisha mwalimu yule wa Nairobi na bintiye usiku mmoja kabla ya safari, na kumwacha aseme.