Ritungu Lipigwapo Peke Yake

Katika taarabu ya Unguja, dabobesi hukaa chini ya fidla na ganuni. Huubeba wimbo, lakini nani huusifu uzito wake? Ritungu la Wakuria wa Mara, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, limepatwa na hali iyo hiyo. Mvumo wake mzito umezoeleka kuwa mtumishi wa mwimbaji na mchezaji. Dawa yake si kuongeza vipaza sauti, bali kupunguza vyombo. Na lipigwe pweke, kwanza Murangi, kando ya Ziwa Viktoria, mbele ya Wajita: majirani wenye lugha nyingine, wasioshughulishwa na maneno. Hapo nyuzi zitalazimika kusema zenyewe. Chombo kisichomtuliza jirani kitamtuliza vipi mgeni?