‘Saa’ si ‘zamu’: Kosa la tafsiri linaloweza kugharimu maisha

Hapa Isiolo hatuna ziwa wala bandari. Hata hivyo, juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi hutafsiri, aliniletea rasimu ya maelekezo kwa mabaharia wa Ziwa Victoria ili niipitie. Sentensi moja ilinikwaza: *“Kila meli ya mizigo iweke saa ya kusikiliza kwenye chaneli ya 16.”

“Kwani kuna kosa gani hapo, Mwalimu?” akaniuliza.

Kosa limo katika neno ‘saa’. Kiingereza hutumia ‘watch’ kwa maana ya saa ya mkononi na pia kwa maana ya kukesha kwa walinzi au mabaharia. Mtafsiri wetu alidaka maana ya kwanza iliyomjia. Nahodha akiisoma kauli hiyo ataelewa kuwa kuna saa maalumu ya kusikiliza redio, ikipita basi, aizime. Kanuni inataka kinyume chake: redio iwe wazi na pawe na mtu anayeisikiliza safari nzima. Chaneli hiyo, ya megahezi 156.8, ndiyo ya kimataifa ya kuitana na kuomba msaada. Anayezama hachagui saa ya kupiga mayowe.

Je, Kiswahili kimekosa neno? La hasha! Tuna ‘zamu’, neno ambalo mabaharia na walinzi wamelitumia tangu jadi. Kwa hivyo: “Kila meli iwe na mtu wa zamu wa kusikiliza chaneli ya 16 muda wote wa safari.”

Wapo wanaopendelea ‘kufuatilia redio’. Nalo lina walakini. Anayefuatilia kesi aweza kupata habari zake kesho. Wa zamu lazima asikie sasa hivi. Vilevile ‘chaneli’ isibadilishwe kuwa ‘idhaa’, kwa kuwa idhaa hutangazia umma, haijibiwi.

MV Bukoba ilizama mwaka wa 1996, MV Nyerere ikapinduka 2018, na mamia ya watu wakafa. Sidai kwamba tafsiri ndiyo iliyowaua. Ninachosema ni kuwa ziwani, neno ni kifaa cha uokoaji. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tukikipa kazi hiyo, tusikitafsiri kwa kubahatisha.