Kuitikisa Nazi: Namna ya Kupima Kihariri cha Pamoja

Nazi haichaguliwi kwa macho, hutikiswa sikioni. Ndivyo ilivyo hata kwa programu ya wavuti inayowawezesha watu wawili kuandika waraka mmoja kwa wakati mmoja. Mezani pa mtengenezaji, kwenye Wi-Fi yake, zote huonekana zimekomaa. Kwa hiyo sianzi na rangi wala vitufe. Nafungua waraka uleule kwenye kompyuta na kwenye simu, naiweka simu katika hali ya ndegeni, kisha naandika kotekote na kurudisha mtandao.

Ubovu hujisema hapo. Chukua maneno "wali samaki". Juma anaingiza "na" na nafasi yake baada ya alama ya tano. Sekunde ileile Asha anatanguliza "sahani ya" mwanzoni, alama kumi pamoja na nafasi. Kwa Juma waraka unasomeka "sahani ya wali na samaki". Kwa Asha, amri ya Juma ikifika kama ilivyotumwa, inatoka "sahanna i ya wali samaki". Wanaamini wanasoma kitu kimoja, kumbe kila mmoja ana chake.

Mwaka 1989 Ellis na Gibbs walitoa tiba: amri inayofika igeuzwe kwanza kulingana na yaliyokwisha kutokea, ile tano ya Juma iwe kumi na tano. Google Docs ilijengwa juu ya wazo hilo. Tiba ya pili, CRDT, iliyofafanuliwa rasmi na Marc Shapiro na wenzake mwaka 2011, huipa kila herufi kitambulisho chake cha kudumu. Juma hasemi tena "baada ya ya tano"; anaitaja herufi yenyewe, hata ikisukumwa wapi.

Mwanagenzi asijitungie tiba ya tatu. Hata wataalamu wamechapisha kanuni ambazo baadaye zilikutwa na kasoro. Chukua maktaba iliyo tayari kama Yjs au Automerge, iunganishe na kihariri kama CodeMirror, safirisha mabadiliko kwa WebSocket. Fundi seremala hafui misumari yake.

Lakini misumari mizuri haitoshi. Simu ikiwa tena ndegeni, andika humo "habari" mahali fulani, na kwenye kompyuta andika "salamu" palepale. Ukirudisha mtandao, neno lolote linaweza kutangulia. Ukipata "hsaablaarmiu", maandishi yamesukwa kama ukili. Wote wawili wanaona kitu kimoja, nacho hakisomeki. Kuna pia mtego wa hila zaidi. Mtu kaandika "shle" na wahariri wawili wanakimbilia kuitia ile u. Inakuwa "shuule". Hakuna kanuni iliyokosea hapo, kila mmoja kapewa alichoomba. Ndiyo maana vile vishale vya rangi vyenye majina ya wenzako mimi siviiti mapambo: ukimwona mwenzio kasimama kwenye neno, unamwachia.

Kasi nayo ina siri yake. Herufi yangu lazima itokee papo hapo, kabla seva haijajua lolote. Programu inayosubiri jibu la seva ndipo ionyeshe herufi itapendeza palipo na mtandao wa kasi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, kihariri cha namna hiyo kingekuwa cha kuandika herufi moja na kungoja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kitufe cha kutendua. Andika sentensi, mwachie mwenzako aandike yake chini, kisha tendua. Iliyofutika ni ya nani? Kihariri kilichojengwa kwa pupa huliondoa badiliko la mwisho la waraka, yaani kazi ya mwenzako, naye yuko katikati ya kuiandika. Kilicho bora hukumbuka historia ya kila mtu peke yake na kuondoa sentensi yako tu, hata kama aya nzima imeshasukumwa chini. Huwa narudia hilo mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekata mtandao. Nimewahi kuona programu ya bei kubwa ikinifutia aya ya mwenzangu huku kona ya juu ikiandika kwa kijani: "Imehifadhiwa".