Kilindini: Nchi Kavu Iliyo Nyuma ya Gati

Jina la Kilindini latokana na kilindi, na waliolitoa walijua walisemalo, kwani mlango ule wa magharibi ya Kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, una kina ambacho bandari ya kale, upande wa mashariki, iliyozoea majahazi ya kaskazi na kusi, haikuwa nacho. Na ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, meli za chuma zilikwenda zilikoitwa na maji. Lakini maji hayo, ambayo kila aisifuye bandari huanza nayo, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, nayo ndiyo niliyokusudia kuichambua hapa, ni nchi kavu iliyo nyuma ya gati: nani alipewa ardhi ile, njia za shehena zilipitishwa wapi, na lipi lilitangulia lipi.

Waliojenga reli walifanya jambo moja kwa usahihi, ingawa hawakulifanya kwa maslahi ya wenyeji. Waliianza njia pale pale ufukweni, wakaivusha kwa daraja Makupa, wakaifikisha ziwani Kisumu mwaka 1901. Na magati ya maji marefu yalipojengwa katikati ya miaka ya 1920, yaliikuta reli imekwisha kulala nyuma yake. Pamba ya Uganda ilitoka behewani ikaingia bohari, ikatoka bohari ikapandishwa melini kwa winchi na kwa migongo ya mahamali, bila kuhitaji barabara ya mji. Mji na bandari viligawana kisiwa kidogo pasipo ugomvi mkubwa, madhali kilichobeba mzigo kilikuwa na njia yake peke yake.

Kontena lilikuja likaivuruga hesabu hiyo. Shehena ya zamani ilitaka paa. Kontena lataka uwanja, tena uwanja mpana ambao mitambo yaweza kugeuka ndani yake, na kisiwa hakikuwa na uwanja wa kutoa. Ndipo bandari ikavuka maji: magati ya makontena, namba 16 hadi 19, yakawekwa upande wa bara, Kipevu, hilo la mwisho likikamilika mwaka 2013, na kituo cha pili, kilichosimamishwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini kwa mkopo wa Japani, kikafuata mwaka 2016. Tadbiri ya kuvuka ilikuwa njema, wala siitilii shaka. Upungufu ulikuwa nje ya ukuta. Changamwe, ambako malori yote yalipaswa kutokea, palikwisha kuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu mwaka 1963, na yadi za reli, na uwanja wa ndege wa Port Reitz, na mitaa ya wafanyakazi. Na baina ya vitu hivyo vyote hapakuachwa ukanda wa kutosha uliohifadhiwa kwa barabara ya mizigo pekee. Kwa hiyo lori la tani nyingi likatumia njia ile ile ya matatu na ya mtoto aendaye shule, yote yakikutana kwenye mzunguko wa Changamwe.

Ili ukubwa wa jambo uonekane, na tupige hesabu. Chukua meli moja ya kadiri, ishushayo makontena 1,500 ya futi 20. Lori hubeba mawili, uzito ukiruhusu; basi meli hiyo yahitaji malori 750, nayo ukiyapanga, kila moja ukilipa mita 20 pamoja na nafasi ya mbele yake, utapata msafara wa kilomita 15, ambao kichwa chake kitakuwa kimekwisha kuipita Miritini ilhali mkia haujatoka langoni. Hiyo ni meli moja. Na mwaka 2024 bandari hii ilihudumia makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo hicho cha futi 20.

Fauka ya hayo, dawa iliyotumiwa viwanja vya bandari vilipojaa ilizidisha maradhi mahali pengine. Makontena yalipelekwa katika viwanja vya watu binafsi, huko huko Changamwe na kuelekea Miritini, yakangoje kukaguliwa na kulipiwa ushuru. Uwanja wa bandari ulipata nafuu, hilo ni kweli, na meli zikapungukiwa na siku za kungoja. Lakini kontena ambalo lingetoka mara moja likashika njia ya bara, sasa lilisafirishwa mara mbili, safari fupi ya kwanza kutoka gati hadi uwanjani, kisha ile safari yake ndefu, na safari zote mbili zikakanyaga lami ile ile. Mwenye lori alipata kazi, mwenye uwanja alipata kodi, na mkaazi wa kando ya njia ndiye aliyepata vumbi na foleni.

Katika mafuta mambo yalifanywa kwa busara zaidi, kwa kuwa bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, liliondoa barabarani shehena ambayo ni ya hatari kuliko zote. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ya mwaka 1984, ilikuwa na azma kama hiyo kwa makontena, nayo ikapata nguvu mpya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi (SGR) ilipofunguliwa mwaka 2017, ambayo gari moshi lake moja huchukua makontena 108, yaani kazi ya malori 54. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2019 ilipoamriwa kwamba shehena ya Nairobi na ya bara yote ipande reli hiyo, Mombasa iliandamana, na agizo likasitishwa Oktoba. Wako waliowaona waandamanaji kuwa maadui wa maendeleo. Mimi naona walikuwa wakisema jambo ambalo wapangaji hawakulipima, yaani kwamba mahali pa kukagulia kontena ndipo mawakala wa forodha, makarani, mafundi wa magari na mama wauzao chakula hupata riziki, na kupahamisha ni kubadili matumizi ya ardhi ya mji mzima.

Na pale Makupa, reli ilipovukia zamani, palikuwa na tuta la udongo na mawe lililobeba barabara kwa miaka mingi, huku likizuia maji ya Tudor na ya Port Reitz yasipishane wakati wa bamvua. Mwaka 2022 lilifumuliwa, madaraja yakashika mahali pake, na bahari ikarudishiwa njia yake.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni barabara ya Dongo Kundu. Mlango wa Kilindini hauwezi kutiwa daraja la chini, kwa kuwa meli lazima zipite. Kwa hiyo tangu mwaka 1937 mtu wa Kusini amekuwa akitegemea feri ya Likoni, na lori litokalo mpakani Lunga Lunga likalazimika kungoja pamoja naye, kisha likikate kisiwa chote ndipo lifike bara. Wahandisi hawakushindana na meli. Waliizunguka bandari kwa nyuma, kutoka Miritini hadi Mwache, wakavuka hori kwa madaraja, moja lao, la Mteza, likiwa na urefu wa mita 1,440, wakatokea Kwale. Na kituo cha pili cha makontena kikapata njia ya kutokea pasipo kuukaribia mzunguko wa Changamwe.

Huko Dongo Kundu zimetengwa ekari 3,000 kwa viwanda na maghala, na safari hii barabara imefika kabla ya vingi vya hivyo. Vibanda navyo vimekwisha kuanza kusogea kando ya lami, kama ilivyo desturi ya kila barabara yetu mpya. Mawe ya mipaka ya ukanda wa mizigo yakiwekwa sasa, yatagharimu saruji na siku chache za mpima ardhi. Yakingoja maghala yajengwe, yatapita ndani ya nyumba za watu.