Mali bila Daftari: Jengo Lisilojulikana na Mlango wa Ensaiklopidia

Hapa Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, pana jengo moja ambalo halina shida ya kujulikana. Ni jengo la uwanja wa kriketi, lililofunguliwa mwaka 2017. Mapaa yake ni matao matatu, yaliyojengwa kwa vigae vilivyoshindiliwa kutokana na udongo wa Rwanda yenyewe. Majarida ya usanifu ya nchi za nje yaliandika habari zake, picha zake zikaenea, na leo lina makala yake katika Wikipedia, ile ensaiklopidia ya intaneti ambayo kila mwenye simu aweza kuisoma na kila mwenye nia aweza kuihariri.

Tukienda mjini, hadi Biryogo na Nyamirambo, hali ni nyingine. Huko ndiko yaliko makao ya tangu zamani ya wasemaji wa Kiswahili wa Kigali. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, hupewa sentensi moja tu katika maelezo mengi ya Uislamu wa Rwanda: kwamba ulijengwa mwaka 1913. Nyumba za jirani hazipati hata sentensi hiyo. Swali tunalokusudia kulichunguza ni hili: jengo la kale lisilojulikana, je, lastahili makala yake lenyewe katika ensaiklopidia? Na kama halistahili, kosa ni la jengo, la ensaiklopidia, au letu sisi?

Kipimo chenyewe

Yafaa kwanza tukitendee haki kipimo kabla ya kukilaumu. Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Kwa kuwa mtu yeyote aweza kuandika humo, ilibidi iwekwe kanuni ya kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Kanuni hiyo, kama ilivyokomazwa na wahariri wa toleo la Kiingereza, husema kwamba jambo linastahili makala ikiwa limeelezwa kwa kirefu katika maandishi ya kuaminika yaliyotolewa na watu wasiohusika nalo. Kwa upande wa majengo, lile lililotangazwa na serikali kuwa urithi wa taifa huchukuliwa kuwa linastahili. Majengo mengine yaweza kustahili kwa historia yake, kwa nafasi yake katika jamii au kwa usanifu wake, lakini sharti la kuandikwa kwa kirefu liko pale pale. Tena mwandishi haruhusiwi kuleta utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa popote.

Kanuni hii si ya kudharauliwa. Bila hiyo kila ukoo ungejiandikia kwamba babu yake ndiye aliyejenga mji. Sisi walimu tunajua jinsi neno “inasemekana” linavyoweza kuficha uvivu. Mwanafunzi huandika “inasemekana”, mwingine humnukuu, wa tatu humtaja wa pili, na uvumi huvaa joho la elimu. Hata huo mwaka 1913 wataka kuulizwa maswali. Je, ni mwaka ambao waumini walianza kukusanyika mahali hapo, au walipopewa kiwanja, au kuta zilipoinuliwa? Na kuta tuzionazo leo ndizo zile za kwanza? Mambo manne tofauti yamefungwa katika tarakimu moja, na kila anayeinakili huinakili bila kuifungua. Ensaiklopidia ikidai ushahidi juu ya jambo kama hilo, haimwonei mtu.

Kasoro ya kipimo

Hata hivyo, hapana budi tuseme kwamba kipimo hiki hakipimi jengo. Hupima wino uliomwagika kwa ajili ya jengo. Na wino, katika historia ya nchi zetu, haukugawanywa kwa haki.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Richard Kandt, yule daktari na msafiri Mjerumani aliyekuwa mkazi mkuu wa kwanza wa serikali ya Kidachi nchini Rwanda, na ambaye mwanzo wa mji wa Kigali huhesabiwa tangu alipofika hapa mwaka 1907. Kandt alikwisha kuchapa kitabu chake juu ya chimbuko la mto Nile mwaka 1904. Nyuma yake palikuwa na serikali yenye makarani, na makarani wana majalada. Nyumba inayoitwa kwa jina lake sasa ni makumbusho. Hatusemi kwamba haistahili, maana inastahili. Twauliza tu: askari, wapagazi na wakalimani waliotumia Kiswahili kuuendesha mji huo mchanga, nyumba zao ziko wapi katika maandishi?

Jibu ni chungu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Waswahili wa Kigali walitengwa katika mtaa wao, Biryogo, ulioitwa kambi ya Waswahili. Katika Kinyarwanda neno “umuswahili” likapata maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na wazee wetu waliibeba maana hiyo kwa muda mrefu. Watu waliodharauliwa hawakuandikiwa vitabu, wala nyumba zao za udongo hazikupigwa picha na wasanifu. Leo tunapoambiwa kwamba nyumba hizo hazistahili makala kwa kuwa hazikuandikwa, dharau ya jana inageuzwa kuwa kigezo cha leo, pasipo hata mmoja wa wahariri wa leo kukusudia uovu wowote. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mwaka ule ule 2017 ulipofunguliwa uwanja wa Gahanga, Kiswahili kiliwekwa kisheria kuwa lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha imepewa kiti, lakini nyumba ilimolelewa bado haina hata mstari.

Funzo kutoka kwa ushairi

Msomaji aliyefundisha fasihi atatambua kwamba tatizo hili si geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akisaidiana na kasisi W. E. Taylor, na hatimaye W. Hichens akayatoa katika kitabu mwaka 1940. Kabla ya kazi ile, mhakiki wa mbali angeuliza kama Muyaka anastahili kutajwa, naye angejibiwa kwamba hakuna maandishi juu yake. Ubora wa mashairi ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni daftari. Wahenga walikwisha kunena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hapa Rwanda tunao mfano mkubwa zaidi. Padri Alexis Kagame alikusanya mashairi ya ufalme na mapokeo ya siri ya jumba la mfalme kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kwa moyo. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliwaonyesha wanahistoria kwamba mapokeo ya mdomo yaweza kuwa ushahidi, mradi yapimwe kama ushahidi mwingine wowote: nani amesema, aliyasikia kwa nani, ana maslahi gani, na wenzake wanasemaje. Hata ndani ya Wikipedia jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake, huko India na Afrika Kusini, walirekodi wenyeji wakieleza maarifa yasiyo na kitabu, ili sauti hizo zitumike kama marejeo. Jaribio hilo halikuibadilisha kanuni, lakini lilithibitisha kwamba malalamiko haya si yetu peke yetu.

Uamuzi wetu

Wako wenzetu wanaosema: tuandike makala sasa hivi, kila jengo la kale na lake, kisha wakubwa wataona. Hatukubaliani nao. Makala yasiyo na mguu yatafutwa, na yakifutwa, jengo litakuwa limehukumiwa mara mbili. Baya zaidi ni kwamba makala ya namna hiyo hunakiliwa na tovuti nyingine, kisha tovuti hizo zikaletwa tena kama ushahidi wa makala yale yale. Huo ni mduara, nao hauna tofauti na uvumi wa sokoni.

Kwa hiyo twaamua hivi. Jengo la kale lisilojulikana halistahili bado makala yake lenyewe. Linastahili sentensi chache zenye uthibitisho ndani ya makala juu ya mtaa wake. Na zaidi ya hayo, linastahili kuchunguzwa leo, kabla ya kesho. Mpango mkuu wa jiji la Kigali, uliotolewa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2020, unaubadilisha mji kwa kasi, na kuta za udongo hazimsubiri mtafiti.

Kazi hiyo ni yetu. Mwalimu aende na wanafunzi wake kwa wazee. Aandike jina la msemaji kwa idhini yake, siku ya mazungumzo, na alichokiona mwenyewe kando ya alichokisikia. Awaulize wawili au watatu wasiokaa nyumba moja, na wakipishana aziandike tofauti zao badala ya kuzipatanisha kwa nguvu. Apime kuta na kuzipiga picha. Kisha achape matokeo katika jarida, hata likiwa dogo kama hili letu. Na siku ya kuandika makala ya ensaiklopidia ikifika, mwandishi awe mtu mwingine, asije mchunguzi akawa shahidi na hakimu wa kazi yake mwenyewe.

Huenda tukaona, baada ya jasho hilo lote, kwamba nyumba fulani haikuwa na historia kubwa kama tulivyodhani. Na hilo tulikubali. Hatuombi ensaiklopidia itulegezee mlango kwa huruma. Twataka watu wa Biryogo wapimwe kwa yale waliyoyajenga, na hilo halitawezekana mpaka sisi, tunaojiita walimu wa lugha yao, tuwe tumekwisha kuyaandika.