Sensa Mpya Si Ushahidi

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi ya pikapu ya petroli, jibu la haraka mjini Eldoret ni kununua sensa ya oksijeni, kuifunga na kufuta kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Anayeifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani, au anayemsimamia fundi uani kwake, asiipime kwa taa kuzimika. Ubora wake huamuliwa kabla spana haijagusa ekzosi: imethibitishwaje kwamba sensa ndiyo mbovu?

Mjumbe hauawi. Sensa ya mbele, iliyo kabla ya kataliti inayosafisha moshi, hueleza tu oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Bomba likiwa na ufa kabla yake, hewa ya nje hupenya, sensa huripoti kwamba petroli ni haba, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Ndiyo maana kodi P0171, inayosema petroli ni haba, humtuma fundi mzuri kutafuta kwanza hewa inayovuja au pampu iliyochoka. P0135 ni kesi nyingine, kwa sababu inahusu saketi ya hita iliyo ndani ya sensa yenyewe. Hata hapo, fyuzi na waya hukaguliwa, kisha ukinzani wa hita hupimwa kwa mita. Sensa hai ya zirkonia, injini ikiwa imepata moto, hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, ilhali ile iliyo nyuma ya kataliti hutakiwa kutulia. Magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyorukaruka hivyo. Asiyejua tofauti hiyo atatupa kifaa kizima.

Wapo watakaosema kwamba Eldoret iko juu, kama mita 2,100, kwa hiyo moshi mweusi ni kawaida. Kweli, kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa, na injini ya kabureta huumia. Lakini injini ya sindano hupima hewa inayoingia, na sensa husahihisha kinachobaki. Mwinuko basi si kisingizio. Moshi mweusi ni hitilafu inayotafutwa. Wengine hulaumu petroli yetu kwa kuua sensa. Risasi ndiyo iliyokuwa sumu kubwa ya sensa, na petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia 2006. Siku hizi chunguza injini inayokula oili, na silikoni ya kuzibia gasketi isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mbona taa ilizimika baada ya kubadilisha? Ilizimika kwa sababu kodi zilifutwa, na mara nyingi kutoa terminali ya betri kungefanya vivyo hivyo. Kompyuta huhitaji kuendeshwa katika hali mbalimbali, kuanzia injini baridi hadi mwendo wa barabara kuu, ndipo ikamilishe majaribio yake. Hukumu ya kweli hutolewa baada ya hapo, kwa kusoma data upya.

Kufunga kwenyewe hakuna siri nyingi. Nati iliyoganda hulegezwa bomba likiwa vuguvugu, kwa soketi yenye mpasuo wa kupitisha waya. Mafuta ya kuzuia kuganda hupakwa kwenye nyuzi tu, kamwe si kwenye ncha, tena kama sensa haijapakwa kiwandani. Jicho kali liende kwenye waya. Sensa ya bei nafuu isiyo na plagi yake hulazimu kukata na kuunga, na ni kweli huokoa pesa. Ila sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia waya hizohizo, na risasi ya kulehemu huziba njia hiyo. Kiungo cha kubana kinakubalika. Cha kulehemu ni kazi mbovu hata king'ae vipi. Waya ukiachwa ukigusa ekzosi, sensa mpya itakufa kabla ya matope ya msimu kukauka.

Mwambie fundi akuonyeshe vipimo vya sensa ya zamani kabla hajaifungua. Akishindwa, usimpe kazi hiyo.